Yule Mwanamke Anayekaribisha Watu

Jumapili, 4 Mei

Dada,

Nakuandikia kwa mkono, halafu nitaipiga picha barua nikutumie. Nikikupigia simu nitapiga kelele, na Bonge ndiyo kwanza amelala. Ukiona mstari umepinda ujue ameamka.

Kwa nini hukuniambia?

Ulisema maonyesho yako yamefika mjini kwetu, niende nikaone, nimpeleke na Mama, "atafurahi." Ulisema ni nyumba ambayo watu wanaingia ndani. Mimi nikajua ni picha ukutani na taa za rangi. Nikaomba ruhusa kazini, na unamjua msimamizi wetu wa kiwanda cha mikate, ukimwomba ruhusa anakutazama kama umemwomba figo. Nikamvalisha Mama gauni lake la bluu, nikambeba Bonge mgongoni, tukaenda.

Dada, umejenga nyumba yetu.

Sisemi inafanana na yetu. Ni yetu! Sakafu nyekundu yenye ufa unaoanzia mlangoni na kupotelea chini ya kabati. Swichi iliyokuwa inarusha cheche, na ile karatasi ya gundi aliyoibandika marehemu Baba. Beseni la vyombo chini ya dirisha. Mpaka harufu! Harufu ya mafuta ya taa na sabuni ya mche umeitoa wapi? Nikashika ukuta. Nyumba ile ilibomolewa, nililiona tingatinga kwa macho yangu, sasa naikuta imesimama ndani ya ghala na watu wamepanga foleni. Watu wasiotujua wanafungua kabati letu. Mwanamume mmoja kalala kitandani kwetu na viatu vyake. Watoto wa watu wanatambaa chini ya kitanda wanacheka. Nje kuna kibao, "Kumbukumbu, nyumbani na utambulisho." Mimi ninachokijua ni kitambulisho cha getini kazini, hayo mengine ni yenu mliosoma.

Ila mimi si kitu. Ngoja nikwambie ya Mama.

Dada mmoja anayepokea wageni mlangoni alitwambia tubishe hodi. Mama akabisha, kwa adabu zake zote. Ndani ikajibu sauti ya mwanamke: "Karibu! Karibu, pita ndani. Jisikie uko kwako." Haijamaliza, nimeshaijua. Ni ya Mama. Mama wa zamani, yule wa kuita mtu toka mtaa wa pili.

Mimi nikaijua. Yeye hakuijua.

Akanibana mkono. "Nani huyo?"

"Ni wewe, Mama."

Akanitazama kama ninavyomtazama Bonge akitia kiatu mdomoni. "Mimi si niko hapa? Huyo aliyemo nyumbani kwangu ni nani?"

Akaingia. Akainama akagusa ufa. Akafungua kabati, akahakikisha vikombe vyake vipo. Na kila mgeni akibisha hodi, yule mwanamke anamkaribisha. Karibu, pita ndani. Karibu, pita ndani. Mama akaanza kumtafuta chumba hadi chumba. "Toka! Toka nikuone uso!" Akachukua ufagio akaupiga ukuta pale sauti inapotokea, kitu kikachomoka kikaning'inia kwenye waya, nacho bado kinakaribisha watu.

Watu wakatoa simu. Walidhani ndiyo maonyesho yenyewe. Dada, walimpigia makofi. Mama yetu anatetemeka, mate yanamtoka, na watu wanapiga makofi. Mwanamke mmoja alifuta machozi akaniambia, "Anaigiza vizuri sana huyu. Mmemtoa wapi?"

Mimi na yule dada wa mlangoni ndio tuliomtoa. Bonge alilia mpaka akanitapikia mgongoni.

Alisema maneno mengi mle ndani. Sikuyashika. Mtu akichanganyikiwa husema lolote.

Toa ile sauti. Leo.

Mdogo wako


Jumanne, 6 Mei

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Makofi? Walimpigia makofi?

Nisamehe kwa kutokukwambia. Nilitaka muingie bila kujua, mfurahi kwa mshtuko. Nilisahau kwamba Mama hivi sasa hashtuki akafurahi, akishtuka ameshtuka tu. Wewe unakaa naye, ungeniambia. Sikukuuliza.

Ile sauti inatoka kwenye kaseti. Nilipokuwa shule ya bweni Mama hakuwa na muda wa kuandika, alikuwa anaiwasha redio inayorekodi, anaongea nami huku akipika. Siku moja katikati ya maneno mtu akabisha hodi, Mama akasahau kuzima. Ndiyo hiyo "karibu, pita ndani." Nimeishi kwenye vyumba vya kupanga, nchi hii na ile, ambako ukifungua mlango unapokelewa na giza. Nilikuwa naweka begi chini nabonyeza ile kaseti. Nikataka kila atakayeingia kwenye kazi yangu apokelewe kama nilivyokuwa najipokea. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Nipe siku chache niitoe. Bila sauti ile nyumba itabaki kuta tu.

Kuna lingine. Kuta zile zina vinasa sauti. Wageni wanaombwa waseme jambo wanalolikumbuka la kwao, na nyumba inalihifadhi. Mwingine akija akilaza kichwa kwenye mto, analisikia. Kwa hiyo maneno ya Mama yamo. Yule dada wa mlangoni ameniandikia kwamba ni mazito kuliko yote yaliyowahi kunaswa, anashauri tuyaache yabaki. Wamenitumia rekodi. Sijaifungua.

Mama alisema nini?

Dada yako


Jumatano, 7 Mei

Dada,

Kwenye mto? Watu wanalaza vichwa kwenye mto wetu wanamsikiliza Mama akilia?

Usiifungue. Nakuomba. Mimi si mtu wa kuomba omba, unanijua, hata jirani akinikopa chumvi nasahau kuidai. Leo nakuomba. Ifute bila kuisikiliza, na yule dada wa mlangoni mwambie afunge mdomo. Hakuna kilichosemwa mle cha kukufaa wewe. Ni mgonjwa kaona watu wengi, kapayuka.

Mama hali vizuri tangu siku ile. Nikimwekea sahani anaisukuma taratibu kama mgeni aliyeshiba. Jana kaniambia, "Siwezi kukaa nakula kwa watu wakati kwangu kuna mtu." Nikamwambia, Mama, hapa ni kwako. Akasema, "Una moyo mzuri wewe, binti. Mama yako ana bahati." Nikaenda jikoni nikafungulia maji ili asinisikie nikilia.

Na nataka ujue jambo, nalisema mara moja tu kwa sababu sisi si watu wa maneno haya. Wewe ni dada yangu. Hata iweje. Ulinibeba mgongoni na wewe mwenyewe mgongo haujakomaa. Mtu yeyote akija na maneno yake, mimi nitasimama mlangoni.

Sasa ifute.

Mdogo wako


Jumatatu, 12 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Sauti imetolewa. Rekodi imefutwa, kule na hapa kwangu. Hakuna atakayeisikia tena.

Nimefikiria sana juu yako. Umefanya ya kutosha. Umefanya kuliko mtu yeyote angeweza kuombwa afanye. Unaamka kabla ya watu kwenda kufunga mikate, unarudi unamwogesha mtu mzima kisha unamwogesha mtoto, na mimi huku napewa maua na kupigwa picha. Haiwezi kuendelea hivi.

Nimepata makao mazuri ya wazee, yana bustani, wauguzi wana upole. Nitashughulikia kila kitu, wewe hutahangaika na chochote. Tafadhali usilione kama kumtupa. Ni mama yangu, acha nichukue zamu yangu. Wewe una Bonge, una maisha yako, na hakuna mtu duniani mwenye haki ya kukudai zaidi ya hapo. Nakupenda. Tena nakupenda kuliko unavyojua.

Dada yako


Jumatano, 14 Mei

Dada,

Mama YAKO?

Barua yako niliisoma mbele ya mashine ya kufungia mikate, na mikate ikapita mitupu bila mifuko mpaka msimamizi akaja kuuliza kama leo tunauza uchi.

Unaniambia nimefanya ya kutosha, kama kibarua anayeagwa. Unanitafutia wauguzi wapole. Mimi mkali? Ndiyo, mkali. Anayemvua nguo mtu mzima anayekataa kuoga lazima awe na ukali kidogo, lakini maji nayapima kwa kiwiko kwanza, kama ya Bonge.

Umeisikiliza. Usinidanganye. Uliisikiliza ndipo ukaifuta, na ndiyo maana unaandika kwa lugha ya kanisani.

Basi ngoja nitoe kilichonikaa kooni, maana nilijiapiza nitazikwa nacho. Mama aliuambia ule ukuta hivi: "Mtoto wako nimekulelea. Sikumbagua na mwenzake hata siku moja. Bado unataka nini? Na nyumba pia?" Nilikuwa nimemshika kiuno, niliyasikia yote. Mtoto wako, na mwenzake. Sisi tuko wawili tu, dada. Hakuna wa tatu.

Nilifika nyumbani nikakaa kitandani na viatu. Baba yetu! Yule yule wa kunyamaza na kutengeneza redio! Nikaanza kuunganisha. Wewe mrefu, kwetu nani mrefu? Wewe ndiye uliyepelekwa bweni, mimi nikabaki nimeng'ang'ania sketi ya Mama. Nikaelewa. Na nikasema hujui, na hutajua, mimi nikiwa hai.

Sasa umejua, na unakimbilia kulipa. Makao, bustani, wauguzi. Unajiona una deni kwa mwanamke aliyekulea bila kukuzaa. Acha! Hakuna anayekudai. Mama hakukubagua, amesema mwenyewe, na amesema akiwa hana akili ya kutunga uongo. Wewe ni wa kwake kama mimi. Njoo umwone angali anatujua hata kwa nusu nusu, ukae naye, umkate kucha. Hayo ndiyo malipo. Makao haendi.

Mdogo wako, mwenye hasira na mwenye kukupenda


Jumamosi, 17 Mei

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza nikaichana. Hakuna namna laini ya kulisema. Ningetaka uwe umekaa, na Bonge awe mikononi mwa mtu mwingine.

Si mimi.

Nilisikiliza, ndiyo. Maneno ni hayo hayo uliyoyasikia. Nilipoyasikia sikuunganisha chochote, yaliungana yenyewe, maana mimi nilikuwepo.

Nilikuwa mdogo lakini si mdogo sana. Mama hakuwa na tumbo. Alikuwa anaosha vyombo kwenye lile beseni chini ya dirisha, Baba akaingia amebeba kitu kwenye taulo, akasimama tu katikati ya chumba. Mama alimtazama, akamaliza kikombe alichokishika, akakisuuza, akafuta mikono kwa nguo yake, upande huu na upande huu. Kisha akanyoosha mikono akakuchukua. Mimi nikaambiwa mtoto kanunuliwa hospitali, kama watoto wote wanavyoambiwa, nikaamini, na nilipokua sikukumbuka kuacha kuamini. Hebu fikiria. Watu wananiita msanii wa kumbukumbu.

Na kuna baya zaidi. Wale watoto uliowaona wanatambaa chini ya kitanda, mimi ndiye niliyewawekea. Niliweka pale mwanga kidogo na sauti ya pumzi, kwa sababu nilikumbuka nikicheza kujificha na wewe, mtoto mchanga, chini ya kitanda kile, na Mama ameniambia nikuzibe mdomo taratibu usilie. Nimeuonyesha mchezo huo kila mji niliopita. Watu wamesema ndicho chumba cha furaha kuliko vyote.

Hatukuwa tunacheza. Mtu alikuwa anabisha hodi. Sauti ya mwanamke, akibisha na kubisha, na mimi kule chini naiona miguu ya Mama imesimama nyuma ya mlango, haisogei. Ndiyo siku pekee nyumbani kwetu mtu alibisha hodi na Mama hakusema karibu.

Niliandika "mama yangu" kwa bahati mbaya ya mkono, nikiwa najaribu kukuondolea mzigo kabla hujajua kwamba una haki ya kuutua. Nilifikiri nakulinda. Wewe nawe ulikuwa unanilinda mimi. Mungu wangu.

Ukitaka kuniuliza chochote, uliza. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Nimeahirisha kwenda kufungua maonyesho katika mji unaofuata.

Dada yako, hata iweje. Uliandika wewe hayo, usiyakane


Jumapili, 1 Juni

Dada,

Wiki mbili zimepita tangu barua yako.

Niliisoma barua yako kwenye chumba cha kubadilishia nguo kiwandani. Wenzangu wakaniuliza, "Vipi, msiba?" Nikasema hapana. Wakauliza, "Mume karudi na mke mwenza?" Nikacheka, dada, nikacheka mpaka wakaniletea maji. Baba Bonge yuko safari na lori lake, hana habari hata sasa. Nitamwambiaje? Anadhani mama mkwe wake ni nani?

Siku ile nilimwogesha Mama kama kawaida. Nikawa namsugua mgongo, yale madoa yake manne matano pale begani ambayo siku zote nasema nami yatanitoka nikizeeka. Mkono ukasimama. Hayatanitoka. Nikabaki nimeshika kitambaa, maji yanachuruzika, mpaka akaniambia, "Binti, nasikia baridi."

Unajua kilichoniuma kuliko vyote? Nilikuonea huruma wewe. Karibu wiki mbili nilikuonea huruma, nikajiona mwema, mtoto wa nyumbani anayemsitiri mwenzake. Nilikuwa nakuandikia kutoka kwenye kiti ambacho hakikuwa changu.

Nimekuchukia pia, nisifiche. Kwa kukumbuka. Kwa kujenga. Ungechora maua tu kama wasanii wengine, ningekufa mtoto wa mama yangu. Nikamchukia na Mama kidogo. Nikamtazama usingizini mchana nikasema, hukuweza kuniambia ulipokuwa na akili zako? Sasa nimuulize nani? Yule mwanamke alikuwa nani, alikuwa mrefu, mfupi, alikuja akabisha hodi mara ngapi, alilia? Namwonea uchungu na sitaki kumwonea uchungu.

Nikaanza hata kuyafikiria yale makao yako. Nilikuwa nimeshaandika barua fupi, "Mchukue." Nilipanga nikutumie Alhamisi nikitoka kazini.

Alhamisi mchana nikarudi. Jirani anayenishikia Mama na Bonge alikuwa uani anaanua nguo zake, akaniambia wote wamelala. Nikafungua mlango. Kitanda kitupu. Cha Bonge kitupu. Nikaita, kimya. Bafuni hakuna. Mlango wa jikoni umefungwa kwa ndani. Nikajua ameondoka naye, amekwenda kumtafuta yule mwanamke wake, na barabara ile ilivyo na magari. Nilipiga yowe ambalo jirani anasema hajawahi kulisikia kwa mtu mzima.

Ndipo nikasikia "shhh."

Walikuwa nyuma ya kitanda, kati ya godoro na ukuta. Mama na magoti yake yale, sijui aliingiaje. Amemfunika Bonge kwa ile shuka ya kijani, mkono mmoja uko mdomoni kwa mtoto, haujabana, umewekwa tu. Bonge anautafuna ule mkono, ana raha zake.

"Mama! Unafanya nini?"

"Punguza sauti," akaninong'oneza. "Yule mwanamke ameshatujua tunapokaa."

"Anataka nini?"

"Anamtaka mtoto."

Nilikuwa na hasira na woga, na sijui nilipata wapi ujasiri, nikamwambia, "Si mtoto wake?"

Mama alininyanyulia macho. Sijayaona macho yale muda mrefu, yalikuwa ya Mama, yale ya kunikamata na uongo mdomoni. "Nani kakwambia?"

"Nasikia watu wanasema."

"Watu wana midomo." Akamvuta Bonge karibu zaidi, akamfunika vizuri miguu. "Funga mlango. Na wewe usisimame hapo, atakuona. Njoo ujifiche huku."

Nikafunga mlango, dada. Nikaenda.

Mdogo wako